Majani ya kunde yakizidi, yakaushe kabla ya masika
Wenye vibustani huku Goba, Chanika na Kigamboni mnajua: baada ya vuli kunde zinatoa majani hadi unagawia majirani, halafu masika ya Machi hadi Mei yanageuza tuta tope na fungu sokoni linapanda bei. Kausha Januari na Februari, mvua zikiwa chache.

Chambua majani machanga, osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika 2 au 3, kisha chuja. Tandaza kwenye mkeka safi, funika kwa chandarua kikuukuu, weka kivulini penye upepo. Jua kali linapunguza vitamini A.

Shida ya Dar ni unyevu. Wenzetu wa Dodoma wanakausha mlenda bila presha; hapa ukisahau mkeka nje usiku, asubuhi majani yamelegea tena. Yangu ya kwanza niliyawahisha chupani, yakaota ukungu yote. Yaingize ndani kabla ya magharibi, na usiyahifadhi mpaka yasagike kiganjani kama unga wa ugoro. Chupa iwe kavu, kifuniko cha kubana.

Siku ya kupika loweka nusu saa, kisha tui zito la nazi.