Unga mweupe kwenye vichwa vya betri

Betri ya gari-nyumba huchakaa zaidi gari likiegeshwa miezi mingi kuliko likiwa safarini. Ukiona unga mweupe au wa kijani, zima chaja na sola, vaa glavu na miwani, fungua waya wa hasi kwanza. Koroga kijiko cha soda ya kuokea kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, sugua kwa mswaki mkuukuu hadi povu liishe. Vifuniko vya betri vibaki vimefungwa, maana soda ikipenya ndani huua asidi! Suuza, kausha, rudisha chanya, hasi mwisho. Kaza, ndipo upake grisi. Mimi hupaka vaselini, dawa za bei sizioni haja. Betri ikishatulia bila kuchajiwa wala kutumika, pima: volti 12.6 imejaa, ikishuka 12.4, chaji.