Kuandaa Land Cruiser 100 Iliyotumika kwa Kuvuta Trela na Kuvaa Matairi Makubwa

Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu huanzia takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hupanda hadi karibu mita 2,500 pande za Mau Summit, kisha huteremka kupitia Kericho mpaka tambarare ya Kano, ambako mwinuko umebaki takriban mita 1,150 tu. Mtu anayevuta trela ya boti kwenda Dunga, ufukoni mwa Ziwa Victoria, au ya ng'ombe kutoka Njoro kwenda Awasi, huipima injini yake kwenye mpando, breki kwenye mteremko, rejeta kwenye joto la Ahero, na matairi katika udongo mweusi unaonata mara tu anapoacha lami. Hata hivyo, wengi walionunua gari kubwa kwa kazi hiyo huanza na matairi, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana. Mpangilio ninaoupendekeza hapa ni kinyume: matairi ni ya mwisho, na ukubwa wake uwe ule mdogo kabisa utakaokuvusha matope unayoyapitia kweli. Sababu ni kwamba tairi kubwa na trela nzito hufanya kazi ya kupingana, na hesabu yake nitaionyesha mbele.

Mfano wangu ni Toyota Land Cruiser 100, iliyoundwa kuanzia 1998 hadi 2007, kwa kuwa ndiyo niijuayo vyema. Hata hivyo mengi ya haya yatamfaa pia mwenye Prado au Patrol. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, Land Cruiser 100 utakayoipata leo imekwisha kutumika hapa nchini kwa miaka mingi, na historia yake ina uzito kuliko rangi yake. Ingia chini ya gari ukiwa na tochi na nyundo ndogo, ugongegonge chesisi, hasa nyuma ya magurudumu ya nyuma, mahali ambapo tobaa, yaani chuma cha kuunganishia trela, itafungwa. Gari lililoishi Mombasa, au lililotoka sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, linaweza kung'aa juu huku likiliwa na kutu chini. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa kuwa dizeli ya lita 4.2 yenye tabo na petroli ya V8 ya lita 4.7 zote mbili hutumia mkanda, na muda wake huwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000. Kama karibu na gia kuna kitufe cha kupandisha na kushusha gari, fahamu kwamba limebebwa na mfumo wa oili, ambao ukichoka hugharimu sana kuurekebisha. Lipeleke kwa fundi anayeufahamu kabla hujatoa shilingi ya kwanza.

Baada ya hapo, fanya hesabu ya uzito. Land Cruiser 100 kwa kawaida huruhusiwa kuvuta kilo 3,500 ikiwa trela ina breki zake, na kilo 750 tu ikiwa haina, lakini soma kitabu cha gari lako mwenyewe, kwa kuwa matoleo hutofautiana. Kiwango hicho humdanganya mtu kwa njia moja: hakihesabu kilichomo ndani ya gari. Chukulia gari lenye uzito wa kilo 2,500 likiwa tupu, lisiloruhusiwa kuzidi kilo 3,260 likiwa na mzigo. Pengo ni kilo 760. Trela ya kilo 2,000 iliyopangwa vizuri huikandamiza tobaa kwa takriban asilimia 10, yaani kilo 200. Watu watano na mikoba yao, kilo 350. Bampa ya chuma, winchi na keria ya juu, kilo 130. Umebakiwa na kilo 80, na bado hujapakia jerikani wala zana. Ndiyo maana mimi huwashauri watu waache bampa nzito dukani, isipokuwa wana kazi nayo. Ili usikisie, ipeleke trela iliyopakiwa kwenye mizani ya kinu au ya kiwanda kilicho karibu nawe. Ada ni ndogo, na mara nyingi jibu humshangaza mwenyewe.

Mzigo ndani ya trela nao una mpangilio wake. Ukilundikwa nyuma, trela huinua mkia wa gari na kuanza kuyumba kushoto na kulia mwendo unapoongezeka, na kuyumba huko kukishaanza ni vigumu kukutuliza. Weka vilivyo vizito mbele kidogo ya ekseli ya trela, na uvifunge visiteleze. Ng'ombe hupanga uzito apendavyo, kwa hiyo trela yake inahitaji vizuizi vya kumzuia asirudi nyuma.

Tobaa ifungwe kwa bolti kwenye chesisi, pande zote mbili, katika matundu yaliyoachwa na kiwanda. Mafundi wetu wa kuchomelea ni hodari, na nimewaona wakitengeneza vitu ambavyo kiwanda kisingethubutu. Lakini kuchomelea tobaa moja kwa moja kwenye chesisi hubadilisha chuma pale kilipopashwa moto, na ufa huanzia hapo hapo miezi kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo hiyo, tobaa iliyofungwa kwenye bampa peke yake si tobaa. Hakikisha tufe la gari na kikombe cha trela vina kipimo kimoja, kwa kawaida milimita 50, na kwamba trela inasimama sambamba na ardhi, wala haiinui wala haiinamishi pua. Minyororo ya usalama iwe miwili na ipishane chini ya mkono wa trela, ili ukiponyoka udakwe kabla haujachimba lami.

Sasa breki, ambazo ningezigharimia kabla ya kitu kingine chochote. Anza kwa kubadilisha oili yote ya breki, kwa kuwa oili hiyo hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, na yenye maji huchemka mapema. Ikichemka, pedali huzama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Badilisha mipira ya breki iliyopasuka, pima unene wa diski, weka pedi za kiwango cha kiwanda. Land Cruiser 100 nyingi zenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) husaidiwa breki na pampu ya umeme: ukiisikia ikinguruma kila unapokanyaga breki mara moja tu, au taa ya breki ikiwaka, usivute trela mpaka fundi ameikagua, kwa kuwa pampu hiyo ikifa msaada wote huondoka nayo.

Trela nyingi zinazotengenezwa kwenye karakana zetu hazina breki kabisa, na hapo ndipo ninapokuwa mkali. Ikiwa trela yako na mzigo wake vinapita kilo 750, iwekee breki, ama zile zinazojifunga trela inaposukuma mkono wake mbele, ama za umeme zinazoongozwa na kifaa kidogo karibu na usukani. Za kusukumana ni rahisi na hazihitaji waya. Za umeme hukuwezesha kuifunga trela peke yake inapoanza kuyumba. Kwa boti, napendelea za kusukumana, kwa sababu trela huingizwa majini kila mara na umeme haupendi kuoga. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na hiyo ni nafuu kubwa, lakini beringi bado hupoteza grisi yake: ziache zipoe kabla ya kuziingiza ziwani, na uzitie grisi mpya baada ya safari chache.

Breki nzuri hazikuruhusu kuzikalia. Kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, kupitia Sachangwan, na vilevile kutoka Kericho kuelekea Awasi, chagua gia ya chini kabla mteremko haujaanza, si katikati yake, na uiache injini izuie gari. Kwenye giaboksi ya otomatiki, zima kitufe cha ovadraivu, yaani gia ya juu ya mwendo mwepesi, na ushushe hadi gia ya tatu au ya pili. Kanyaga breki kwa nguvu kiasi kwa muda mfupi, achilia, kisha rudia. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachilia huzipasha moto mpaka zinuke, na harufu hiyo ikishafika puani umechelewa.

Baada ya kuteremka, kupanda. Hewa ya Mau Summit ni nyepesi kuliko ya Kisumu, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza huko zaidi ya humusi ya nguvu iliyo nayo pwani. Dizeli yenye tabo huumia kidogo tu. Joto hutokea kotekote. Osha rejeta kwa nje, kwa kuwa vumbi na wadudu huziba mapezi yake. Angalia feni kama bado inavuta gari likiwa moto. Badilisha thamostati na kifuniko cha rejeta, vitu vya bei ndogo vinavyoua injini za bei kubwa. Kwa otomatiki, badilisha oili ya giaboksi, kisha ongeza rejeta ndogo ya kuipoza mbele ya ile kubwa. Oili hiyo ikiwa nyeusi na kunuka kama kitu kilichoungua, usinunue rejeta ndogo kwanza. Mwite fundi wa giaboksi.

Springi za nyuma zilizochoka hulifanya gari likae kama mbwa, taa zikimulika vilele vya miti. Weka springi zinazolingana na mzigo unaoubeba siku nyingi, si ule wa mara moja kwa mwaka, na shoki za kuendana nazo. Mbele, Land Cruiser 100 nyingi hazina springi za kuzunguka bali fito za chuma zinazojipinda, na mafundi hupenda kuzikaza ili gari liinuke. Zaidi ya milimita 50 usikubali: viungo vya ekseli za mbele hubaki vimepinda, na hufa kabla ya wakati wake. Kisha fanya alaimenti.

Tumefika kwenye matairi. Chukua tairi la 275/70R16, ambalo baadhi ya Land Cruiser 100 zilikuja nalo. Kipenyo chake ni takriban milimita 791. Wengi hulibadilisha kwa 285/75R16, lenye milimita 834. Tofauti ni milimita 43, lakini tumbo la gari hupanda nusu yake tu, takriban milimita 21, upana wa kidole cha gumba. Kwa upande mwingine, kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 5.4, na nguvu inayofika barabarani hupungua kwa karibu kiasi hicho hicho: difu (gia za ekseli) yenye uwiano wa 4.10 hufanya kazi kana kwamba ni ya 3.89. Breki nazo huzuia gurudumu lenye mkono mrefu zaidi, na tairi lenyewe ni zito zaidi. Spidomita ikisoma 80 baada ya kusoma sawasawa hapo awali, mwendo wako halisi ni kilomita 84 kwa saa, na katika mji wenye kikomo cha 50 tofauti hiyo inatosha kukuweka kando ya barabara ukijieleza.

Kosa la matairi nililifanya mwenyewe. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba mapana niliyoyachagua yangeingia bila shida, nami nikaamini bila kupima. Yaliingia, mpaka siku nilipokata kona usukani ukiwa umeisha huku nyuma nimepakia. Tairi la mbele likala plastiki ya ndani ya bawa hadi waya za taa. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, funga tairi moja tu mbele, zungusha usukani hadi mwisho pande zote, kisha lipandishe gurudumu hilo kwenye jiwe ili springi ijibane. Usisogeze rimu nje kwa vipande vya chuma ili tairi lipite. Hivyo huongeza mzigo kwenye beringi, ambazo tayari zina trela ya kuhangaika nayo.

Soma ubavu wa tairi. Namba ya mzigo ina maana kuliko picha ya meno: 113 hubeba kilo 1,150, 116 hubeba 1,250, na 121 hubeba 1,450, kila tairi. Namba nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT, ubavuni hapo hapo, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kwa mtu ambaye siku nyingi yuko lamini na mara chache hushuka kwenye udongo wa Kano, meno ya kati yanatosha, kwani meno makubwa ya matope huteleza kwenye lami yenye mvua na hulia njia nzima. Nunua matano, si manne, na uhakikishe la akiba linaingia chini ya gari bila kugusa ekzosi.

Trela ina namba yake ya usajili, na taa zake lazima ziwake zote. Kampuni ya bima nayo iambiwe kwa maandishi kwamba gari linavuta trela na limebadilishwa springi na matairi.

Safari ya kwanza iwe ya nusu mzigo, Nakuru hadi Mau Summit na kurudi. Simama kileleni uangalie geji ya joto, na simama tena Salgaa uguse vitovu vya magurudumu yote, ya gari na ya trela, kwa mgongo wa mkono: kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, breki inakwama au beringi inakufa. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza upya nati zote za magurudumu na bolti za tobaa, kwa spana ya kipimo, gari likiwa limepoa.