Jeki anapotetemeka usiku: namna ninavyomtuliza mbwa wangu mzee

Novemba, mvua zilipoanza kuchanganya, niliamshwa saa nane usiku na kucha zinazokwaruza sakafu. Jeki alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa sebuleni, upande wa bawaba, pua ameibana kwenye upenyo ambao haufunguki hata siku moja. Anatweta, udenda unadondoka, miguu ya nyuma inatetemeka. Nje kimya kabisa, hakuna radi wala mtu. Nilimwita, hakugeuka. Nilipomgusa mgongoni aliruka, na meno yake yakanipita mkononi bila kutoboa.

Huyu ni mbwa niliyelinda naye ghala karibu na bandari ya Kigoma kwa miaka tisa. Makontena yakishushwa usiku, vyuma vinagongana, yeye amelala miguuni pangu. Alipoanza kuchechemea, mwenye ghala alitaka auawe. Nikamchukua kwangu Gungu. Sasa ana miaka 14, na nilikuwa sijawahi kumwona na hofu ya namna ile.

Jambo la kwanza nililofanya asubuhi ni kutafuta kadi yake ya chanjo. Naliweka hili mbele kwa sababu ni la uhai. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa udenda na kutaka kung'ata, kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, usimkaribie kumbembeleza. Mfungie mahali peke yake bila kumshika, mwite ofisa mifugo. Ukiwa umeng'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo. Jeki huchanjwa kila mwaka, kwa hiyo upande huo nilipumua kidogo, ingawa daktari bado nilimwita.

Sasa, hofu yenyewe inapomshika. Usimfokee, usimkumbatie kwa nguvu, na usimfunge mnyororo. Mbwa mwenye hofu akizuiwa anaweza kujiumiza au kukuuma wewe anayekupenda. Mimi hukaa chini sakafuni, hatua mbili kutoka kwake, nikimpa ubavu badala ya kumkodolea macho. Kwa kuwa masikio yake yameisha, hupiga sakafu kwa kiganja, polepole, mara tatu, ajue nipo. Kisha nanyoosha mkono chini, anuse kwanza. Akija mwenyewe na kuniegemea, nampapasa kuanzia shingoni kwenda begani, mkono mzito na wa taratibu. Asipokuja, namwacha azunguke, mradi nimeondoa vigoda njiani, jiko la mkaa halina moto na mlango wa nje umefungwa. Mara nyingi huchukua dakika 20 hivi. Halafu anakunywa maji mengi na kujilaza.

Wapo wanaosema ukimbembeleza unamfundisha woga. Nakataa. Woga si mchezo anaojifunza ili apate zawadi. Ukitulia karibu naye, unampa kitu cha kushikilia.

Ila jifunze kutofautisha. Akianguka ubavu, miguu ikapiga kama anaogelea, macho hayakutambui, hicho ni kifafa. Usitie mkono mdomoni. Ondoa vitu vya kumgonga, tazama saa, na ikipita dakika tano tafuta daktari wakati huo huo. Na akiinamisha kichwa upande mmoja, anapepesuka kama mlevi, macho yanachezacheza kwenda upande, hilo ni la mizani ya mwili, ambayo makao yake ni ndani ya sikio. Linatisha, watu hudhani kalishwa sumu, lakini mbwa wazee wengi hupata nafuu ndani ya siku au wiki chache. Naye aonwe na daktari.

Daktari wa mifugo alikuja na bodaboda siku ya pili. Mimi nilikuwa nimeshapita duka moja la dawa, na muuzaji alikuwa ameniuzia diklofenaki, akasema nimpe nusu kidonge asubuhi na jioni. Vidonge vilikuwa mezani. Daktari alivitazama, akavichukua, akavitia mfukoni mwake. "Mzee wangu, hivi vingemtoboa tumbo." Diklofenaki na ibuprofeni humtoa mbwa damu tumboni na kuharibu figo zake. Parasetamoli nayo si ya kumkatia kidonge kwa kubahatisha. Tafadhali, dawa ya binadamu usimpe mbwa kwa ushauri wa mtu ambaye hajasomea wanyama.

Kisha akapiga magoti. Akamshika Jeki mguu wa nyuma, wa kulia, akaunyoosha kwenda nyuma kidogo tu, kama upana wa viganja viwili. Jeki hakulia. Alilamba midomo, akageuza kichwa kumtazama yule daktari, na ngozi ya mgongo ikamcheza. Daktari akasema, "Umeona? Hivyo ndivyo anavyosema inauma." Nyonga zote mbili. Nilikuwa nikimwona analamba midomo miezi mingi, nikadhani ana njaa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mbwa mzee anayeumwa, asiyesikia vizuri, na macho yenye ukungu, dunia imemponyoka. Kivuli kinamjia bila sauti, mkono unamgusa bila onyo, na miguu haiwezi tena kukimbia. Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa ya hofu, akaguliwe mwili: viungo, meno, masikio, macho, mkojo, kupe. Huku kwetu kwenye mapori ya miombo kuna mbung'o pia, na ugonjwa wanaoueneza huweza kuyafanya macho ya mbwa yawe meupe. Usiseme tu ni uzee.

Tulimpima uzito kwa mzani wa bafuni wa binti yangu: nilipanda peke yangu, nikapanda nimembeba, tukatoa. Kilo 22. Daktari akamwandikia dawa ya maumivu ya mbwa, meloksikamu, kwa kipimo cha uzito huo, baada ya chakula. Wiki ya pili tetemeko la usiku lilipungua kutoka karibu kila siku hadi mara mbili kwa wiki. Dawa za kutuliza hofu nazo zipo, na daktari akiona zinahitajika atazipanga. Muulize swali moja: inaondoa hofu, au inalegeza mwili tu? Kuna za zamani zinazomlaza mbwa chini huku moyoni bado anaogopa, na hilo ni mateso.

Iliyobaki ni akili yenyewe kuchakaa. Kusimama upande wa bawaba ni dalili yake, kama ilivyo kupotea uani kwake mwenyewe, kukodolea ukuta, kulala mchana na kukesha usiku, kukojoa ndani mbwa ambaye hakuwahi. Jirani aliniambia Jeki anaona majini, nimtoe nyumbani. Sikubishana naye. Nilimwambia mama yangu naye alipofika uzeeni aliuliza njia ya kwenda chooni kwake, na hakuna aliyemfukuza.

Kwa hiyo nimeupanga usiku wake. Taa ndogo ya sola inawaka ukumbini hadi alfajiri. Kuanzia anapolala hadi mlangoni nimetandaza magunia ya katani niliyoyashonea pamoja, kwa sababu sakafu ya saruji ilikuwa inamtelezesha, na kuteleza kulikuwa kunamwanzishia hofu. Viti havihamishwi. Anakula saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ugali laini na dagaa wasio na chumvi wala kitunguu. Mchana namtoa kutembea polepole hadi kwenye mwembe na kurudi, asilale kutwa. Saa nne usiku anatoka kukojoa mara ya mwisho, nami nikiwa naye.

Radi ni habari nyingine, na hapa Kigoma tuna bahati moja. Umeme wa mvua mara nyingi tunauona kwanza ng'ambo, juu ya milima ya Kongo, na ziwa katikati yake lina upana wa kama kilomita 50. Ukiona kule kunamulika, unao muda. Mtoe akojoe mapema. Mwandalie chini ya kitanda, chumba chenye dari, kwa sababu bati tupu mvua ikipiga ni ngoma kichwani. Funika pande kwa kitenge, acha upande mmoja wazi atoke akitaka. Washa redio. Radi ikianza kusikika, hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio, gawa kwa tatu, utapata kilomita. Zikifika tano, mimi niko sakafuni tayari. Hata mbwa asiyesikia huhisi mtikisiko.

Nina daftari la mjukuu wangu lililobaki kurasa. Naandika tarehe, saa, kilichotangulia, dakika ngapi, nini kilisaidia. Kwenye daftari hilo ndipo tulipogundua usiku mbaya hufuata siku alizochelewa kula, wala mimi sikuwa nimelihisi. Daktari akija huliomba kabla hajamgusa mbwa.

Bado huenda upande wa bawaba. Simvuti tena kwa ukosi. Napiga sakafu mara tatu, naweka kiganja chini ya kidevu chake, tunazunguka pamoja hadi upande wa kitasa, nafungua, na anatoka kunusa upepo wa ziwa.