Uzamili wa TEHAMA na Biashara Ujerumani: Piga Hesabu ya Krediti Kwanza

Kwa Kijerumani fani hii ni Wirtschaftsinformatik. Vyuo vikuu kama Mannheim na Münster huifundisha kwa Kiingereza ngazi ya uzamili, mihula minne, krediti 120 za ECTS, mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya. Mhitimu wa Tanzania akinyimwa nafasi, mara nyingi tatizo si barua ya maombi bali transkripti, na hilo unaweza kulijua mwenyewe kabla hujalipa hata senti.

Gawa masomo yako ya shahada ya kwanza katika mafungu matatu: kompyuta (uandishi wa programu, hifadhidata, mitandao, usanifu wa mifumo), biashara (uhasibu, fedha, masoko), kisha hisabati na takwimu. Krediti moja ya Tanzania ni saa 10 za kazi, na mwaka una krediti 120. Mwaka wa ECTS una 60. Kwa hiyo gawa kwa mbili: somo la krediti 12 linakuwa 6. Jumlisha kila fungu, ulinganishe na kanuni za udahili za programu husika. Soma kanuni zenyewe, hata kama ziko kwa Kijerumani. Muhtasari wa kwenye tovuti huacha mengi.

Mwenye BCom aliyesoma somo moja tu la kompyuta, krediti 8, ana ECTS 4. Programu ikidai 30, hapo hakuna maombi. Uzoefu wa kazi benki au vyeti vya kozi za mtandaoni kwa kawaida havizibi pengo hilo. Tafuta programu yenye sharti jepesi upande huo.

Masomo ya katikati ndiyo yenye utata. "Mifumo ya Taarifa za Uongozi" kwa jina lake tu linaweza kutupwa fungu la biashara, hata kama nusu ya muhula mliandika SQL, lugha ya hifadhidata. Omba idarani maelezo ya kila somo yanayoonyesha mada na saa, yakiwa na mhuri. Usingoje mwezi wa mwisho; wahusika huwa likizo.

Alama ni rahisi. Kwa GPA ya 5, yenye ufaulu wa kuanzia 2.0, fomula ya Kijerumani inaishia kuwa 6 kutoa GPA yako. Mwenye 3.8 ana 2.2, mwenye 3.5 ana 2.5. Kwao namba ndogo ndiyo nzuri, na palipowekwa kikomo cha 2.5, mwenye 3.4 anabaki nje.

Chuo kikitumia uni-assist, shirika linalokagua maombi ya wanafunzi wa nje kwa niaba ya vyuo, ombi la kwanza ni euro 75, kila la ziada katika muhula huohuo 30. Malipo yasipofika, faili halishughulikiwi. Hakikisha majina yako matatu yanafanana kwenye cheti, transkripti na pasipoti.

Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila mchango wa muhula. Mannheim iko jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula: 6,000 kwa kozi nzima. Kwa viza, asiye na ufadhili huweka fedha katika akaunti iliyozuiwa. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, nawe hutoa 992 kila mwezi. Vyuo vingi huanza masomo Oktoba, Mannheim huanza Septemba, kwa hiyo barua ya udahili ikifika tu, shughulikia miadi ya ubalozini Dar es Salaam siku hiyohiyo.