Saa Ngapi Kabla ya Nani: Namna ya Kuendesha Kikao cha Wodi ya Wagonjwa Mahututi

Kila Alhamisi saa nane mchana, zamu ya asubuhi ikijiandaa kukabidhi, tunakaa watu wanane au tisa kwenye chumba cha chai cha wodi. Nipo mimi, daktari wa usingizi na wagonjwa mahututi. Yupo daktari wa zamu, inchaji wa wodi, manesi wawili watatu, fundi wa vifaa tiba, na siku nyingine mtu wa maabara au wa famasi. Kikao hakizidi dakika 40. Hapa Kigoma nimekiendesha miaka minne sasa. Wenzangu wa Kasulu na Tabora hunipigia simu kuuliza tunafanyaje, maana wao wakiitisha cha kwao watu wanakaa kimya, au wanagombana. Haya ndiyo ninayowaambia, ila kwenye simu bando huisha kabla sijamaliza.

Nianze na kilichonifundisha, kwa sababu bila hicho mengine hayataeleweka.

Katika hospitali moja niliyokuwa kabla ya kuja huku tulimpoteza mama aliyekuwa na siku tatu tu tangu ajifungue. Alikuja na homa na tumbo linauma, akafa alfajiri. Tulipofungua chati, pumzi zake zilikuwa zimeandikwa 20 kwa dakika tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na moja. Ishirini, ishirini, ishirini, ukurasa mzima. Mtu ambaye maambukizi yameshaingia kwenye damu na yanamuua hapumui mara 20 tu, hupumua haraka zaidi ya hapo. Kikao kikaitwa siku hiyohiyo, na swali la kwanza likawa: "Nani alikuwa zamu?" Sista akasimama. Akaambiwa aandike barua ya kujieleza. Mimi nilikuwepo, na sikufungua mdomo. Wiki zilizofuata chati za wodi ile zilipendeza kuliko zote nilizowahi kuona: kila mgonjwa presha 120 kwa 80, kila mgonjwa pumzi 20. Kisha tukampoteza mwingine kwa njia ileile.

Siku nyingi baadaye, tukisubiri daladala, yule Sista akaniambia: "Dokta, saa ya ukutani ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Pumzi ningezihesabu na nini?" Simu kazini walikatazwa, saa ya mkononi hakuwa nayo. Betri moja ya saa. Watu kumi na tano waliokuwa kwenye kile kikao, wengine wana shahada tatu, na hakuna aliyeinua macho kutazama ukuta.

Ndiyo maana kwenye kikao changu swali la kwanza ni "saa ngapi?" Swali la "nani" linakuja mwishoni, na likija lina maana moja tu: nani atalifanya hili tulilokubaliana.

Mgonjwa mmoja, mstari mmoja

Jumatano jioni mimi na inchaji tunachagua faili moja. Ukileta mafaili matatu hamtachimba hata moja. Na usichague waliokufa tu. Watu wakizoea kuwa wanaitwa pale palipotokea kifo, kikao kinakuwa matanga, na ukikitangaza kila mtu anajua kuna atakayelaumiwa. Sisi kila baada ya vikao viwili tunachukua mgonjwa aliyetoka kwa miguu yake, tunauliza ni saa gani jambo lilifanyika mapema kuliko kawaida, na lilikuwaje likawezekana.

Bandika karatasi ya manila ukutani. Kwa maka peni chora mstari mmoja mrefu, kisha andika saa tu, kama zilivyo kwenye faili, kwenye daftari la kukabidhiana zamu na kwenye kitabu cha dereva wa gari la wagonjwa. Jina la mgonjwa lisiandikwe, na jina la mhudumu lisiandikwe.

Mfano wa mzee mmoja aliyeletwa kutoka upande wa Uvinza na nimonia kali. Saa 4:10 usiku gari limeingia. Saa 4:25 kipimo cha kidole kinasoma oksijeni 82. Saa 4:30 amewekewa mtungi, lita 10 kwa dakika. Saa 6:50 mtungi umeisha. Saa 7:30 mtungi mpya umefunguliwa. Hapo katikati pana dakika 40. Mzee alipona, lakini zile dakika 40 zilikuwa zake, na alizipita kwa nguvu za Mungu na mfuko wa kumpulizia kwa mkono alioubana nesi mmoja peke yake mpaka vidole vikafa ganzi.

Sasa usiulize "kwa nini mlichelewa?" Uliza: saa 6:50 ulikuwa wapi, uliona nini, ulishika nini? Ikajitokeza kwamba ufunguo wa stoo ya mitungi alikuwa nao mlinzi wa geti, naye alikuwa kwenye mzunguko wake. Stoo ilipofunguliwa, spana ya kufungia regulata, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi ya mtungi, ilikuwa imeazimwa chumba cha upasuaji. Kisha fundi wetu wa vifaa, kijana mpole ambaye kabla ya siku hiyo hakuwahi kusema neno kikaoni, akauliza mtungi ulikuwa na kiasi gani ulipofungwa saa 4:30. Hakuna aliyetazama. Akapiga hesabu ubaoni: mtungi mkubwa uliojaa una karibu lita 6,800; kwa lita 10 kwa dakika unakaa saa kumi na moja na kidogo. Huu ulikaa saa mbili na dakika ishirini, yaani ulifungwa ukiwa umebaki moja ya tano. Kumbe dakika 40 zilianza kuhesabika saa 4:30, wakati kila mtu akidhani mambo yamekaa sawa.

Tangu hapo spana imefungwa kwa kamba kwenye kitoroli cha mtungi, ufunguo unakaa kaunta ya manesi, na mshale ukifika robo mtungi wa pili unakuwa tayari pembeni ya kitanda. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji bajeti.

Mdogo aseme kwanza

Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo vikao vingi hufia. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akishasema, mdogo hana la kuongeza. Ni malezi mazuri na siyabezi, ila bingwa akitangulia kusema "nadhani ilikuwa ni moyo," chumba kizima kinaitikia "ndiyo, Dokta," na yule nesi aliyemwona mgonjwa akibadilika rangi saa tisa usiku anameza alichokijua.

Kwa hiyo anayesoma mstari wa saa ni nesi aliyekuwa zamu, kwa kiti chake, bila kusimamishwa. Anafuata daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, halafu daktari wa zamu, halafu inchaji. Mimi wa mwisho. Mwanzoni nilikuwa nikijiuma ulimi kwelikweli. Pakiwa kimya, usijaze. Hesabu moyoni mpaka ishirini. Mama mmoja mtu mzima, nesi wa miaka mingi, alikaa vikao sita hajasema kitu, cha saba akasema taratibu: "Wanangu, mgonjwa wa kitanda cha tatu alikuwa anaomba maji kila dakika tano, mkaona anasumbua." Ile kiu ilikuwa dalili, na sisi sote tulikuwa tumeipita.

Akikosea mtu waziwazi, kwa mfano dozi imezidi, linasemwa kwa jina la kitendo, siyo la mtu, na mimi au inchaji tunazungumza naye pembeni, siku nyingine, chai ikiwepo. Kama jambo ni la nidhamu lina njia zake. Lisiletwe hapa.

Utafiti uletwe, na uulizwe ulikofanyika

Kila kikao daktari mmoja ana dakika tano za kuleta jambo lililochapishwa. Siyo kusoma muhtasari. Analeta namba mbili na kutuambia wagonjwa wale walikuwa nani na walikuwa na vifaa gani.

Daktari mmoja kijana alikuja na mwongozo wa kimataifa: mgonjwa wa maambukizi ya damu ambaye presha imeshuka, mpe maji ya dripu mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa tatu za kwanza. Mwenzake akamjibu kwa utafiti wa mwaka 2011 uliofanyika Kenya, Uganda na hapahapa Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na mzunguko wa damu ulioshindwa. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: ndani ya saa 48, karibu 11 kwa kila 100, dhidi ya 7 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Akaongeza wa Lusaka, Zambia, wa mwaka 2017, kwa watu wazima, wengi wao wanaishi na VVU: waliofuata utaratibu wa maji mengi mapema walikufa 48 kwa 100, wenzao 33. Chumba kikachemka, na kilikuwa kizuri kuchemka. Swali lililotutuliza aliuliza nesi: "Maji yakijaa mapafuni saa nane usiku na mashine za kupumulia zote zina watu, tunafanya nini?" Tulikubaliana kwamba kwetu dripu inatolewa kidogokidogo, na kabla ya kuongeza mtu ahesabu pumzi na asikilize mapafu. Mwongozo hatukuutupa. Tuliusoma tukiwa tumesimama Kigoma.

Kuna mengine yanasafiri vizuri bila kubadilika. Mwaka 2000 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba mapafu yaliyoumia vibaya yakipewa pumzi ndogo na mashine, mililita 6 kwa kilo badala ya 12, vifo vinashuka kutoka 40 hivi hadi 31 kwa kila 100. Kilo hizo siyo za mizani. Zinatokana na urefu. Tulipokuwa tunalizungumza hili, kitandani kulikuwa na mvuvi wa Kibirizi, mtu mnene, kilo 90, urefu sentimita 170. Kwa urefu wake kilo za kuhesabia ni 66, yaani pumzi ya mililita 396. Mashine ilikuwa imewekwa 540, kwa kilo za mizani. Siku hiyohiyo inchaji alishuka soko la Mwanga akanunua futi ya fundi cherehani, na sasa inaning'inia kwenye msumari karibu na mashine. Kila anayeunganishwa anapimwa kwanza kutoka utosini hadi kisigino.

Mwite ambaye si wa wodi yenu

Mwaka 1952 jiji la Copenhagen, Denmark, lilikumbwa na polio. Katika hospitali ya Blegdam, kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliowekwa kwenye mashine za wakati ule, 27 walikufa. Mkuu wa pale, Lassen, akakubali kumwita Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa chumba cha upasuaji na hakuwa na wagonjwa pale. Ibsen alitazama akasema wapitishiwe mpira kooni na wapulizwe kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wakapokezana zamu usiku na mchana wakibana mifuko, na vifo vikaporomoka. Wodi za mahututi tunazozijua leo zilizaliwa kwenye mazungumzo yale, ya wakubwa waliokubali kumsikiliza mgeni.

Kwa hiyo kila mwezi tunaleta mgeni mmoja: dereva wa gari la wagonjwa, nesi wa wodi ya wazazi, mtu wa maabara. Nesi wa wodi za kawaida ndiye muhimu kuliko wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa ni mahututi, na karibu 7 kati ya 10 wa hao wamelala wodi za kawaida. Mkiboresha vitanda vyenu tu, wengi hamtawafikia. Tumewabandikia wenzetu karatasi moja kaunta: pumzi zaidi ya 30 au chini ya 8, oksijeni chini ya 90, presha ya juu chini ya 90, mapigo zaidi ya 130 au chini ya 40, haitiki anapoitwa. Moja tu likionekana, tupigieni, saa yoyote, na hakuna atakayewauliza kwa nini mmetuamsha.

Kuhusu kundi la simu mnalozungumza na wenzenu wa Mwanza au kwingine: umri, jinsia, saa na namba vinatosha. Picha ya sura ya mgonjwa na jina lake visiingie, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana wewe uliyetuma.

Jambo moja, jina moja, tarehe moja

Dakika tano za mwisho nafungua daftari kubwa jeusi. Tunaandika jambo moja tu litakalofanyika kabla ya Alhamisi ijayo, na jina la anayelibeba, kwa hiari yake. Mkiandika matano hakuna litakalofanyika, nimeshajaribu. Kikao kinachofuata kinaanza kwa kusoma mstari huo, kabla ya faili jipya. Kama halikufanyika, tunauliza lilikwamia saa ngapi na wapi, basi.

Wiki iliyopita mstari ulisema: saa za ukutani zenye mshale wa sekunde, wodi ya wazazi na wodi ya watoto. Wodi ya wazazi imepata. Ya watoto bado, msumari haushiki kwenye ule ukuta. Fundi amesema atakuja Jumanne na drili.