Namna ya kuhifadhi mabiringanya mabichi nyumbani

Wengi wetu tukirudi na mabiringanya kutoka sokoni huyatia moja kwa moja kwenye friji, na mara nyingi hapo ndipo yanapoanza kuharibika. Biringanya ni zao la nchi za joto, na likikaa kwa siku kadhaa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzijoto 10 za Selsiasi hudhurika ndani kwa ndani, ilhali friji ya nyumbani huwa na nyuzi 4 hivi. Dhara hilo halionekani papo hapo: tunda hutoka likiwa zima, kisha likishapata joto la jikoni ganda lake hufanya vishimo na mabaka ya kahawia, na ukilipasua unakuta mbegu zimekuwa nyeusi.

Kwa hiyo anza kwa kuchagua vizuri. Lenye kikonyo kibichi cha kijani na ganda linalong'aa ndilo litakaloweza kukaa; ukilibonyeza kwa kidole gumba na kishimo kikabaki, hilo lipikwe siku hiyohiyo. Usiyaoshe wala kuyakata vikonyo kabla ya kupika, kwa kuwa majimaji na majeraha hukaribisha ukungu.

Kama utayapika ndani ya siku mbili au tatu, yatandaze kwenye ungo mahali penye kivuli na hewa, mbali na jiko na mbali na ndizi mbivu, kwani matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayoyafanya yazeeke haraka. Kwenye hewa kavu kama ya Dodoma, chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, na mchanga uliolowa katikati yao, hupoza vizuri. Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa imejaa unyevu, maji hayakauki upesi na sioni faida kubwa ya kuhangaika nacho.

Huko pwani, basi, friji haikwepeki. Viringisha kila biringanya kwa karatasi kavu, liweke kwenye droo ya mboga, na ulitumie ndani ya siku tatu au nne. Mfuko uliofungwa kabisa haufai, maana hulitoa jasho.

Ukitaka yakae miezi, yamenye, yakate vipande vya unene wa sentimita moja, na uvitumbukize mara moja kwenye maji yanayochemka yaliyokamuliwa limau, kabla havijabadilika rangi. Baada ya dakika 4 vitoe, uvipoze kwenye maji ya barafu, uvichuje vikauke, kisha uvigandishe. Vikiyeyuka huwa laini mno kwa kukaanga, lakini kwenye mchuzi wa nazi vinafaa sana.