Mlipatana kwa mdomo, sasa mwenye kiwanja amegeuka: jinsi ya kuandaa madai

Ugomvi wa aina hii una wakati wake. Mwenye ardhi na mwendelezaji, yaani anayejenga ili auze, wanapatana kwa mdomo: mmoja anatoa kiwanja, mwingine fedha na ujuzi. Mambo yanakwenda vizuri mpaka kibali cha ujenzi kitoke. Hapo thamani ya kiwanja inapanda ghafla, na mwenye ardhi anaona bei waliyopatana inampunja. Mwendelezaji ameshamlipa msanifu, mpimaji na ada za maombi, lakini jina lililo kwenye hati si lake.

Kabla ya kumwona wakili, chora jedwali la safu nne: tarehe, kilichosemwa au kufanywa, nani walikuwepo, ushahidi uko wapi. Kisha jiulize kama mlikubaliana juu ya haya: kiwanja kipi hasa na mipaka yake, bei au mgawanyo wa faida, nani analipa nini, kwa muda gani, na kibali kikikataliwa itakuwaje. Palipobaki "tutaongea baadaye", andika hivyo hivyo. Pengo hilo wakili wa upande wa pili ataliona tu, na ni afadhali wako alijue mapema.

Ushahidi ndio unaobeba kesi. Mazungumzo ya WhatsApp yahamishe yote, pamoja na sauti na picha, badala ya kupiga picha za skrini peke yake. Picha za skrini mara nyingi hukosa tarehe na muktadha, na ni rahisi kuzipinga. Simu yenyewe itunze, usiiuze wala kuifuta. Ujumbe unaokuumiza uache ulipo, kwa kuwa mwenzako anayo nakala, na ukionekana umechagua unachotaka, hata ukweli wako utatiliwa shaka. Risiti zipange kwa tarehe, kila moja ikiambatana na ankara na taarifa ya benki. Tafuta pia fomu ya maombi ya kibali: saini ya mwenye ardhi pale inaonyesha alijua unatumia fedha na akaruhusu. Karatasi hiyo moja mara nyingi ina uzito kuliko mashahidi watatu wa maneno.

Sasa pima sheria ya nchi ilipo ardhi. Nyingi hudai maandishi. Uingereza ilianza kudai hivyo mwaka 1677, na sheria yake ya 1989 inataka masharti yote yaliyokubaliwa yawe kwenye maandishi yenye saini za pande zote. Kenya, kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba kinataka maandishi, saini za wahusika na shahidi wa saini hizo. Kwingine inatosha kumbukumbu iliyoandikwa baadaye na kusainiwa na anayedaiwa, kwa hiyo barua pepe ya zamani yenye jina lake chini isipuuzwe.

Kama hakuna andiko la kutosha, usishike dai moja tu. La kwanza ni estopeli, yaani kumzuia mtu asiikane ahadi yake: alikuahidi haki juu ya ardhi, ukaitegemea ahadi hiyo, ukapata hasara, na kumwachia aigeuke ni uonevu. La pili ni amana, yaani hati ina jina lake lakini kwa haki sehemu ni yako. La tatu ni malipo ya kazi uliyofanya. Wengi huliona hili la tatu dogo na kulitaja mwishoni kwa shingo upande. Ni kosa.

Kesi ya Cobbe dhidi ya Yeoman's Row, iliyoamuliwa mwaka 2008 na Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, inaonyesha sababu. Mwendelezaji alipatana kwa mdomo na kampuni yenye jengo la fleti London: atafute kibali kwa gharama zake, kisha auziwe kwa pauni milioni 12, na mauzo yakizidi milioni 24 wagawane ziada nusu kwa nusu. Kibali kilipotoka mwaka 2004, kampuni ikataka milioni 20. Mahakama ya kwanza ilimpa nusu ya ongezeko la thamani, kama milioni 2. Mabwana wakalitengua hilo na kumwachia malipo ya haki ya huduma yake. Hawakuona kwamba kampuni imetenda vyema. Ila pande zote zilikuwa na uzoefu, zilijua hazijafungwa na mkataba, na masharti mengine yalikuwa bado hayajajadiliwa. Kwa hiyo gharama na saa zako za kazi zihesabu kwa uangalifu ule ule unaohesabia faida uliyoikosa.

Barua ya madai iwe fupi: mlichokubaliana, ulichofanya, unachodai, na siku za kujibu. Kabla haijatoka, muulize wakili kuhusu kuweka zuio kwenye daftari la ardhi, maana kiwanja kikishauzwa kwa mtu asiyejua mgogoro, kukirudisha ni kazi ngumu. Angalia na ukomo wa muda wa kufungua kesi. Unatofautiana kwa aina ya dai. Mazungumzo ya suluhu yawekeni alama kuwa hayaathiri haki ya yeyote.

Mwenye ardhi naye ana la kufanya. Kama hutaki kufungwa, sema mapema kwa maandishi kwamba hakuna makubaliano mpaka mkataba usainiwe, na usitie saini fomu za mwenzako huku umenyamaza. Ukimwona anachimba msingi ukakaa kimya, kimya hicho kinaweza kusomwa mahakamani kama ruhusa. Na akikutumia barua ya "kama tulivyokubaliana jana" yenye jambo usilolikubali, mjibu kabla hajatoa malipo mengine.